Naomba ushauri: Nimechoka kuchora kila msumari wa mlango

PenseliYaUnguja

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Naishi Unguja na kazi yangu ya mchana ni kuchora ramani za nyumba. Usiku, kwa miaka 6 sasa, nimekuwa nikichora milango ya Mji Mkongwe kwa penseli. Nilianza kwa mapenzi tu, nikichora nyuma ya karatasi za kazi zilizoharibika, na michoro ile ya mwanzo, ingawa ilikuwa imepinda, naiangalia hata leo nikatabasamu. Baadaye watu walianza kunisifu kwamba ninachora kama kamera, nami nikaifanya sifa hiyo kuwa sheria: lisiachwe jani, usiachwe mnyororo, usiachwe msumari.

Mlango nilionao sasa niliuanza mwezi wa Machi. Mfaa peke yake, yaani ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili, ulinichukua wiki tatu, na mayungiyungi ya kizingiti cha juu yakanichukua nyingine nne. Usiku mmoja, nilipokuwa nikitia kivuli kwenye msumari wa shaba ambao sikujua tena ni wa ngapi, niligundua kwamba sikumbuki nilichokipenda katika mlango huu. Nikalifunga daftari, na leo ni mwezi wa pili sijalifungua.

Nimeambiwa nirahisishe. Ninachokiomba kwenu ni kuelezwa jinsi ya kufanya hivyo, kwa sababu kila ninapoacha kitu naona kama ninadanganya, au nimekuwa mvivu. Mtu huamuaje cha kuacha?

RangiMsasani

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Pole sana, na nakushukuru kwa kulisema jambo hili waziwazi, kwa kuwa wengi wetu tumelipitia kimyakimya.

Mimi ni mchoraji wa rangi, Dar es Salaam, na nilijifunza kwa mafundi wa Tingatinga. Watu wakilisikia jina hilo huifikiria picha iliyojaa twiga, ndege na maua mpaka pembeni, lakini Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, mara nyingi aliweka mnyama mmoja tu katikati ya kibao cha mraba, juu ya rangi moja au mbili za nyuma, akitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi ile ni nzito na hukauka kwa kung'aa. Haikubembelezi uchore kila unywele. Basi chui wake ni mgongo uliopinda, madoa na macho mawili, na hakuna anayeuliza kucha ziko wapi.

Fundi aliyenifundisha alinizuia kuchora mnyama wa pili kwa miezi kadhaa. Nililalamika sana. Leo naona kwamba alikuwa akinifundisha kuuliza picha ni ya nani, kwa sababu ukishajua kwamba picha ni ya chui, utajua pia kwamba majani si mwenyeji, ni mgeni, na mgeni hujaza nyumba kwa ruhusa tu. Weka penseli chini kwa muda, chukua brashi nene isiyoweza kuchora msumari hata ukitaka, kisha uchore kitu kimoja tu.

BintiPwani

Kaka, kabla ya kukushauri lolote ningependa kuuliza. Siku ya kwanza uliposimama mbele ya mlango huo, ni nini hasa kilichokusimamisha?

PenseliYaUnguja

Swali lako, dada, limenikalisha kitako tangu jana.

Kilichonisimamisha ni kivuli. Ilikuwa baada ya alasiri, na kivuli cha roshani ya nyumba ya pili kilikuwa kimeukata mlango mshazari, sehemu ya chini ikiwa na giza na ya juu ikiwa na jua kali, na pale vilipokutana misumari michache ilikuwa ikimetameta kama imewashwa. Nimekwenda kuutazama mchoro wangu, na kivuli hicho hakimo kabisa. Nilirudi siku nyingine saa sita mchana kupiga picha kwa simu, ili nakshi yote ionekane vizuri, nikawa nachora kutokana na picha hiyo.

MwalimuWaMkaa

Ndugu, sasa umejua picha ni ya nani: ni ya kivuli.

Ila naomba usiione miezi uliyoitumia kuwa imepotea. Picasso, yule mchoraji mashuhuri wa Hispania, kati ya Desemba 1945 na Januari 1946, alichora fahali mmoja na kumchapa kwenye karatasi kwa hatua 11. Mwanzoni alikuwa fahali kamili, kisha akamzidishia uzito na manyoya, na ndipo alipoanza kumpunguza hadi akabaki na mistari michache, nawe ukimtazama huyo wa mwisho unamwona fahali bila shaka yoyote. Alijua cha kuondoa kwa kuwa alikuwa amekwisha kukichora. Wewe umekwisha kuuchora mlango wako wote, kwa hiyo una haki ya kupunguza.

Nenda saa ileile ya alasiri, bila simu. Kunja macho mpaka nakshi ipotee na yabaki mabaka ya mwanga na giza tu. Yachore hayo kwa mkaa, kwa ubapa wake na si kwa ncha, usitumie zaidi ya dakika 10, na kifutio ukiache nyumbani. Mwishoni kabisa weka misumari mitatu au minne pale mwanga unapokutana na giza, kwani jicho la mtazamaji litaiweka iliyobaki lenyewe. Halafu, kwa mwezi mmoja, usimwonyeshe mtu.

FundiNakshi

Nimesoma maoni yote kwa makini, na kama mtu anayechonga milango nilikaribia kuudhika, maana nakshi ni jasho la watu na haifai kusemwa kama takataka ya kufagiliwa. Hata hivyo, ndugu mwenye uzi, utazame mlango wako upya. Nakshi imekaa kwenye miimo, kwenye kizingiti na kwenye mfaa. Mbao zenyewe za mlango, ambazo ndizo sehemu kubwa kuliko zote, fundi ameziacha wazi, zina misumari tu. Tungechonga kila mahali, macho yangekosa pa kupumzikia na minyororo ya pembeni isingeonekana. Kwa hiyo ukiacha mahali patupu hudanganyi.

PenseliYaUnguja

Narudi baada ya wiki mbili, na shukrani zangu kwenu nyote ni za dhati.

Michoro mitatu ya kwanza ilikuwa mibaya. Wa nne niliuchora nikiwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani, mkaa umelazwa ubapa, na nilipouburura mara moja kutoka kushoto kwenda chini, lile giza lote la mlango lilikaa mahali pake kwa mkono mmoja, na chembechembe za karatasi zikabaki nyeupe ndani yake kama vumbi kwenye jua. Niliweka misumari minne. Nilipofika nyumbani mkono ukaniwasha nikaongeza mingine sita, picha ikafa papo hapo. Kesho yake nilirudi nikachora wa tano, nikauacha na misumari yake mitatu. Tangu siku hiyo nimetoka kila alasiri, na jana adhana ya magharibi ilinikuta bado nimekaa.

Swali langu lililobaki ni dogo: mkaa unafutika kila ninapofunga daftari. Niufanyeje?

MwalimuWaMkaa

Alhamdulillahi, nimefurahi kupita kiasi. Tenganisha kurasa kwa karatasi laini, na mchoro unaoupenda upulizie dawa ya kushikiza mkaa. Ukiikosa, dawa ya nywele ya kupuliza husaidia, ingawa baada ya muda huweza kuitia karatasi umanjano. Simama mbali kiasi cha urefu wa mkono, pulizia kidogo, acha ikauke, kisha rudia.