Umeme mdogo wa kichwani kwa anayesikia sauti, kuna aliyewahi kufanyiwa?

dadamkubwa
Habari wakuu. Mdogo wangu wa kiume ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti za watu wasiokuwepo na kushuku watu, huu mwaka wa sita. Dawa ameshabadilishiwa mara tatu na anakunywa kweli, manake mimi ndo nampa mkononi na kumwangalia mpaka ameze. Mengine yametulia, analala, anaoga, hashuku watu tena, ila sauti ndo zimegoma kuondoka. Anasema ni wanaume wawili, wanamtukana, akitembea wanamhesabia hatua. Juzi nimemkuta bafuni kafungua bomba mpaka mwisho kainamisha sikio pale ili maji yawafunike wasisikike, nilitoka nje nikalia. Sasa daktari kataja tiba ya umeme kwenye ubongo na mimi nikashtuka, ikanijia picha ya mtu kafungwa kitandani anarukaruka. Anasema siyo hiyo, ni umeme mdogo tu. Mnaojua naombeni mnieleze, inasaidia kweli au mdogo wangu anaenda kufanyiwa majaribio?

nesi_wa_usiku
Pole sana dada. Watu wengi wanachanganya hivi vitu. Ile unayoiogopa ni mshtuko wa umeme, ulianza Roma mwaka 1938, unamtia mtu degedege la makusudi, na hata huo siku hizi mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi na kupewa dawa ya kulegeza misuli kwa hiyo hakuna kurukaruka. Anayoisema daktari wenu nadhani ni nyingine kabisa, kimashine cha betri chenye waya mbili, kila waya ina sponji iliyolowekwa maji ya chumvi, moja inakaa kwenye paji upande wa kushoto, nyingine juu nyuma ya sikio la kushoto. Umeme ni miliamperi 2, dakika 20, mgonjwa kakaa kwenye kiti yuko macho. Pale nyuma ya sikio ndo ubongo unachambua maneno, na mtu akiwa anasikia sauti sehemu hiyo inachangamka kana kwamba kuna mtu anaongea kweli. Kwahiyo anaposema anawasikia, anawasikia, hadanganyi. Ule umeme unakusudia kuituliza.

Kuhusu kusaidia nikwambie ukweli. Wafaransa wa Lyon mwaka 2012 walitoa majibu ya wagonjwa 30, waliopata umeme walifanyiwa mara mbili kwa siku kwa siku 5, sauti zikapungua kama asilimia 31 na nafuu ikashika hadi miezi 3. Tukafurahi wote. Baadaye Uholanzi, 2018, wagonjwa 54, waliopata umeme na waliowekewa mashine ya kuigiza (inawaka kidogo ngozi iwashe halafu inajizima bila mtu kujua) wakatoka sawasawa tu. Kwahiyo ni kitu cha kujaribu pamoja na dawa, siyo cha kuachia dawa.

Msikilizaji
Mi ndo mgonjwa mwenyewe, nimefanyiwa siku 5. Sponji ni baridi na maji yanachuruzika shingoni, nenda na taulo. Dakika ya kwanza inawasha kama siafu wanatembea chini ya nywele halafu unazoea, ukitoka paji limekuwa jekundu, kesho yake limeisha. Sauti yangu haikuondoka nisikudanganye dada. Ila siku ya nne nilikuwa nakunja nguo nikagundua nimemaliza nguo zote bila kusemeshwa, na iliporudi ilikuwa kama iko chumba cha pili mlango umefungwa, naisikia lakini siyo lazima niijibu. Ikakaa hivyo kama miezi miwili ikaanza kusogea tena. Kwa mtu ambaye hajawahi kusikia miezi miwili inaweza kuonekana ni kidogo, mimi nililala usingizi ambao sikuwa nimelala miaka.

BabaSuma
Dada, mdogo wako ameshapewa dawa ya klozapini? Mana dawa mbili zikishindwa, kila moja kwa kipimo kamili wiki 6 hivi, klozapini ndo inayofuata na ndo yenye nguvu kuliko zote kwa walioshindikana. Inataka kupimwa damu mara kwa mara kuangalia chembe nyeupe, na mwanangu anatoa mate usiku mto unalowa, lakini ndo iliyomrudisha kwetu. Na tafadhali msije mkanunua kimashine mtandaoni mkajifanyia wenyewe, sponji ikikauka inaunguza ngozi.

dadamkubwa
Asanteni sana, Mungu awabariki. Klozapini hajawahi kupewa hata siku moja, kesho hilo ndo swali langu la kwanza kwa daktari. Nimemsomea mdogo wangu majibu yenu yote, ile ya mlango umefungwa aliniambia nirudie mara mbili. Halafu anataka kujua kutoka kwa Msikilizaji, hiyo mashine inapiga kelele?

Msikilizaji
Mwambie haipigi kelele. Yangu ilikuwa inalia mlio mmoja mdogo ikimaliza dakika zake, basi.