Mjadala: Pikapu ya kubeba tani moja, je, ni gari la kuendea kazini Kampala kila siku?

Mleta mada
Hoja yangu ni hii. Kila asubuhi Jinja Road imejaa dabo kabini: Hilux, D-Max, Ranger, L200, na zile Land Cruiser 79 za kazi ngumu. Nyingine zina nambari za UG, yaani ni mali ya umma, nyingine ni za watu binafsi. Nyuma hamna kitu. Ndani yumo mtu mmoja anayekwenda ofisini, au watoto wawili wanaopelekwa shule. Nasema pikapu nzito isiwe gari la kila siku mjini, na zile za umma zikae kituoni hadi pawe na safari ya wilayani. Gari lililoundwa kwa tani moja likitembea tupu halitulii, breki zake hazishiki inavyotakiwa, linakula dizeli na linaziba njia. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na vipimo.

Dereva wa Karamoja
Ndugu, umeitazama gari ukaisahau barabara. Aprili 2023 watu wa Kampala walijaza mitandao picha za mashimo ya mji wao, wakayafanyia maonyesho kabisa. Premio iko juu ya ardhi kama sentimita 16, Hilux inazidi 20. Shimo lililojaa maji hulijui kina chake, na gari dogo ndilo linaloacha bushi na boljointi humo.

Halafu mtu anaishi Bweyogerere, shamba lake liko Mubende. Jumatatu hadi Ijumaa ofisini, Jumamosi anabeba magunia manane ya mahindi, kilo 800 hizo. Unataka anunue magari mawili? Bima mbili, seti mbili za tairi, maegesho mawili? Pikapu moja inatosha. Na mvua ikinyesha kule Kisoro, hiyo Premio ataisukuma nani?

Fundi wa Ndeeba
Wote mmebaki juu. Ingieni chini ya gari.

Springi za nyuma za pikapu ni majani ya chuma yaliyopangwa, na lile nene la chini kabisa halianzi kazi mpaka mzigo uwe mkubwa. Gari likiwa tupu majani hayapindi vya kutosha, basi kila shimo linarusha tairi juu. Tairi iliyo hewani haina breki. Ndiyo maana mkia unateleza kwenye mizunguko mvua inapoanza, hasa pale tipa zimeacha udongo mwekundu juu ya lami.

Mwenye gari akichoka kurushwarushwa anakuja na ombi moja: "Fundi, toa jani moja." Usilitoe kabla hujaitazama fimbo ya breki. Kwenye pikapu nyingi kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikishuka, fimbo inaisukuma valvu, na breki za nyuma zinapata presha zaidi. Bodi ikipanda, presha inapungua ili magurudumu ya nyuma, ambayo ni mepesi, yasifunge.

Sasa toa lile jani. Bodi imeshuka sentimita chache, valvu inadhani umepakia, inapeleka presha kubwa nyuma. Ukikanyaga breki ghafla kwenye lami iliyolowa, magurudumu ya nyuma yanafunga na gari linageuka kuangalia lilikotoka. Wabeba mchanga wanafanya kinyume: wanaongeza majani. Bodi inapanda, valvu inadhani gari ni tupu hata likiwa na tani nzima, na breki za mbele zinabeba karibu kazi yote mpaka pedi zinanuka kwenye mteremko.

Ukigusa springi, fimbo irekebishwe siku hiyohiyo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Na hata kama hujagusa kitu, iangalie kila sevisi: tope la murram (barabara ya udongo mwekundu) likikauka kwenye kiungo chake, pamoja na kutu, fimbo inakwama mahali pamoja na haipimi tena chochote. Baadhi ya pikapu mpya hazina fimbo hii, kompyuta ya breki ndiyo inayogawa presha.

Cha pili ni upepo. Kijana wa tairi akiona pikapu anajaza psi 45 kwa mazoea. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi pana za Hilux tupu zinataka kama 30, ukipakia ndipo unaongeza za nyuma. Land Cruiser 79 yenye tairi nyembamba za 7.50R16 ina kipimo chake, usikope cha jirani. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi.

Mwenye duka la vifaa, Mbale
Asante, fundi. Dawa ya bei rahisi ya gari tupu ni mifuko miwili ya mchanga, kilo 50 kila mmoja, ukiiweka juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Usiiegemeze kwenye mlango wa nyuma: uzito ukikaa nyuma ya ekseli unainua pua, na usukani unakuwa mwepesi pale unapouhitaji uwe mzito.

Fundi wa Ndeeba
Mzee wangu, mahali umetaja sawa, lakini mifuko hiyo ifungwe kwa mkanda kwenye vishikizo vya bodi. Gari likigonga kwa kasi ya 60, mfuko ulioachwa huru unakuja na kasi ileile hadi kwenye kichwa cha aliyekaa nyuma. Ufunike kwa turubai pia, mchanga ukinywa mvua uzito si ule uliopima. Na shokabzoba (vizuia mrusho) zilizokufa haziponi kwa mchanga. Kwanza shokabzoba, baadaye mifuko.

Fundi wa nozeli, Kisekka
Mimi niko na mleta mada, kwa sababu ya injini. Injini ya dizeli inachukua muda kupata moto. Kilomita nne hadi ofisini, nusu saa umesimama Wandegeya, jioni vivyo hivyo: masizi yanajaa kwenye njia ya EGR, ile inayorudisha moshi kwenye injini, na kwenye inteki, njia ya kuingizia hewa.

Zinazoumia zaidi ni pikapu zilizokuja na kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio kinajisafisha kwa kuyachoma masizi, na moto huo unapatikana gari likikimbia mfululizo dakika 15 au 20, si kwenye jamu. Kompyuta inaongeza dizeli ili kupandisha joto, wewe unazima gari katikati, na dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: kikionyesha oili imepanda kupita alama ya juu na inanuka dizeli, usifurahi kwamba injini hailambi oili. Imwage yote, maana haina tena nguvu ya kulinda beringi. Kisha mara moja kwa wiki ipeleke Entebbe kwa ile barabara ya kulipia, mwendo wa 80 bila kusimama.

Wenye Hilux ya D-4D ya lita 3.0, sikilizeni. Washa za shaba, yaani vile vipete vya kuziba chini ya nozeli, zikivuja, moshi wa moto unaingia kwenye oili na kuigeuza kaboni. Kaboni inaziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ukisikia mlio wa tiki-tiki asubuhi karibu na nozeli, usibadili washa peke yake. Shusha sampu utazame chujio.

Dereva wa Karamoja
Hiyo ni hoja ya matunzo, fundi. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ haina kichujio hicho wala kompyuta ya nozeli.

Fundi wa nozeli, Kisekka
Kweli, na ndiyo maana inadumu. Lakini ina kluchi, na Kampala ni vilima. Dereva anaishikilia gari kwenye mlima wa Makerere kwa nusu kluchi badala ya hendibreki. Diski iliyotengenezwa kuvuta tani inaungua bila kubeba hata gunia. Na 1HZ mjini inakunywa kati ya lita 12 na 15 kwa kilomita 100. Isitoshe, wapo wanaoacha H4, gia ya kuendesha magurudumu yote manne, imeingia kwenye lami kavu wakidhani inashika zaidi. Kwenye kona ekseli ya mbele na ya nyuma hazitembei umbali sawa, na bila difu ya kati, ile inayoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, mkazo wote unaishia kwenye gia za transfa (zinazogawa nguvu mbele na nyuma) na kwenye tairi.

Mwalimu anayetembea kwa miguu, Kawempe
Ndugu zangu, mnaongea gari na gari tu. Boneti ya pikapu hizo inafika kifuani mwa mtu mzima. Mtoto wa P2 (darasa la pili) akipita karibu na bampa, dereva hamwoni kabisa. Juu yake mnaongeza bulbari, ngao ya chuma ya mbele, isiyobonyea, iliyo usawa wa kichwa cha mtoto huyo. Kwa kasi ya 50 gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde kabla mguu haujagusa breki. Kama ni lazima mje nazo karibu na shule, ng'oeni bulbari, wekeni kamera ya mbele, na msianze kuondoka mpaka mmeona watoto wote wamevuka.

Mleta mada
Mwalimu, hoja yako inazidi yangu, na ya bulbari siipingi hata kidogo.

Kwa mwenye shamba Mubende nimelegeza: gari moja likiwa na kazi mbili kweli, alitunze kama mafundi walivyosema. Kwa magari ya umma sijalegeza. Pikapu iliyonunuliwa kwa ajili ya chanjo au visima vya wilayani inakaa wiki nzima kwenye jamu, na safari ya Kotido ikifika kluchi imekwisha. Dereva wa Karamoja, hilo unalitetea vipi?

Dereva wa Karamoja
Hilo silitetei. Ila mkiziegesha, zisikae mwezi mzima bila kuwashwa: betri inakufa na breki zinashika kutu. Kila wiki iwashwe, iendeshwe kilomita 20, maji yafunguliwe kwenye filita ya dizeli, na hiyo fimbo ya fundi iguswe kwa mkono.