Nataka kumshonea mama pochi kwa kanga aliyotubebea, naombeni msaada

mchuzi_wa_nazi
Habari zenu wadau. Mi sio fundi, najua kurudishia vifungo na kupinda suruali basi. Bi mkubwa anatimiza miaka 60 mwezi ujao na safari hii sitaki kumpelekea tena doti ya kanga, anazo mpaka sanduku halifungi. Pochi yake ndo inanitia huruma, zipu imekufa muda mrefu anaifunga na rababendi, humo humo kuna kitambulisho cha NIDA, funguo, vidonge vya presha, hela za kikoba, na simu anaishika mkononi kwa sababu haiingii.

Sasa kuna kanga ya zamani ndo ilikuwa mbeleko yetu mimi na mdogo wangu, jina lake NANI KAMA MAMA, ipo kwa dada yangu mkubwa. Nataka niikate nishone pochi yenye zipu na yale maneno yatokee mbele. Juzi nimejaribu na kitambaa cha mazoezi, nikashona zipu vizuri tu, nikafunga na pembeni kotekote, nikajisifu, halafu nageuza, haigeuki! Ikabidi nifumue yote. Na cherehani ni ya shangazi ile ya miguu, kitambaa kikiwa chepesi inakitafuna kinazama na sindano. Nianzie wapi jamani?

fundi_wa_barazani
Hahaha pole, hiyo ya kushindwa kugeuza hakuna ambaye haijamkuta. Ulifunga zipu mpaka mwisho ndo ukashona pembeni, ukajifungia nje mwenyewe. Fanya hivi: kata vipande viwili vya nje na viwili vya bitana (kitambaa cha ndani), vyote inchi 10 kwa 8, zipu ya inchi 9. Cha nje na bitana vitazamane uso kwa uso, zipu ikae katikati yao, uso wa zipu uangalie kitambaa cha nje, piga mshono. Upande wa pili hivyo hivyo. Kabla hujaenda pembeni FUNGUA ZIPU NUSU, narudia tena, nusu. Halafu nje kwa nje, bitana kwa bitana, zungusha mshono nusu inchi toka ukingoni ila chini ya bitana acha uwazi kama inchi 4, hapo ndo mlango wako wa kugeuzia, ukishageuza unapaziba kwa mkono, hakuna atakayepaona.

Chini kata kona za mraba inchi moja moja kwenye nje na kwenye bitana, unazikutanisha unazishona, pochi inapata kitako inakaa yenyewe mezani. Simu ya kawaida siku hizi haifiki inchi 7 urefu kwa hiyo italala vizuri, ila wewe pima simu yake yeye usipime yako.

Cherehani kutafuna, weka gazeti chini ya kitambaa ushone navyo pamoja ukimaliza unalichana. Na angalia sindano, kama ni ile nene ya kushonea jinsi toa weka ya namba 14. Zipu ukiweza weka ya plastiki, ya chuma ukigonga sindano kwenye jino inavunjika na kipande kinaruka usoni, nimeona.

mama_pacha
Mdogo wangu kabla hujashika mkasi pima kwanza hayo maneno. Jina la kanga ni refu, linakaa pale juu ya pindo la chini na kanga yenyewe ni kama sentimita 150, wewe pochi yako ina sentimita 23 ikishashonwa. Halitoshi. Utakata utabaki na NANI upande mmoja na MAMA upande mwingine, bi mkubwa atauliza sasa hilo ni swali gani 😂

Halafu kingine, kanga iliyobeba watoto wawili imeshachoka. Ishike kwa vidole gumba viwili uivute, ukiona uzi unaachia sogea pengine. Ile ambayo bado ngumu ifue, usiipeleke na foma nyingi, ianike kivulini, ipige pasi, halafu kwa nyuma bandika kile kitambaa cha gundi wanachoweka kwenye kola za mashati, muulize fundi yeyote atakuuzia hata nusu mita. Unabandika kwa pasi KABLA ya kukata maana kanga kuukuu ukiikata tupu inavutika inakuwa upande, unajikuta una mstatili umelewa.

kijana_wa_magomeni
Mimi nauliza kitu kingine, mama anajua? Niliwahi kukata kanga ya mama nikashonea foronya nikidhani nampendezesha, hakusema kitu, alinyamaza wiki nzima. Wiki. Kumbe ilikuwa ya mama yake. Nunua kitenge kipya mkuu, kizito, hakisumbui, rangi unachagua.

mama_pacha
Kitenge anaweza kukipata dukani mtu yeyote. Ila la kuuliza nakuunga mkono.

mchuzi_wa_nazi
Asanteni sana aisee. Nimempigia dada. Mama ndo alimpa hiyo kanga alipojifungua mtoto wa kwanza, kwa hiyo ni yake, na kipande cha pili cha hiyo doti anasema kilishakuwa dekio zamani hata mama mwenyewe alikuwa anakidekia. Kakubali nikate kwa sharti na yeye nimshonee moja. Kapima maneno, toka N ya kwanza mpaka A ya mwisho sentimita 46. Kila neno kama 14 hivi. Kwa hiyo mama_pacha uko sahihi, nilikuwa naenda kuharibu.

mama_pacha
Basi rahisi. Mbele weka MAMA peke yake katikati, inatosha na nafasi inabaki. Nyuma kata NANI na KAMA viwe vipande viwili, unganisha kimoja juu kingine chini, mshono unalala kwa pasi. Akiigeuza anaisoma yote. Maneno yasikae chini kabisa, kumbuka kitako kitakula inchi moja.

fundi_wa_barazani
Na bitana usiweke nyeusi! Watu wote wanaweka nyeusi eti haichafuki. Mama wa miaka 60 anatafuta sarafu ya mia mbili kwenye pochi nyeusi ndani ya daladala, unamtesa. Weka ya njano au nyeupe. Ndani mshonee mfuko mdogo wa NIDA, chukua kitambulisho chako ukiweke juu ya kitambaa uongeze nusu inchi kila upande. Na kamba ya kuvaa mkononi, ibane ndani ya mshono wa pembeni, rudia hapo mara tatu, ndo panapokatika.

kijana_wa_magomeni
Na usimpe tupu, tia hata elfu kumi humo, ndo ataijua ni pochi.

mchuzi_wa_nazi
Mrejesho. Kanga sijaigusa bado, nimefanya ya majaribio ya pili kwa shuka kuukuu, gazeti limesaidia sana haijatafuna hata kidogo. Zipu niliacha nusu wazi na IMEGEUKA, nimepiga kelele mpaka shangazi kaja na mwiko mkononi. Upande wa kushoto imevimba kama mdomo uliong'atwa na nyuki, sijui nilivuta kitambaa, ila simu inaingia. Jumamosi naenda kwa dada na mkasi.

mama_pacha
Hukuvuta kitambaa, ulivuta zipu. Ibane na pini kwanza. Na Jumamosi nenda na pasi yako pia, usikate kabla hujabandika.