Babu kauza kangomba: hoja ya mjomba inavuja wapi?

Kijana wa Kitangari
Wakuu, salaam. Nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nasubiri matokeo. Mwezi uliopita mdogo wangu alilazwa, hela hakuna, na minada ya korosho mpaka Oktoba. Babu akauza maua ya mikorosho, yaani mavuno yajayo, kwa mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho nje ya minada kwa vipimo vyao wenyewe. Jamaa alikuja na bakuli lake la bluu, akasema mavuno tutapimia hili. Nililishika, linazidi kilo waziwazi.

Mjomba karudi kutoka Masasi, kasikia, kasema mbele ya wote: "Sheria inakataza kangomba. Baba kauza kangomba. Kwa hiyo baba katenda uovu."

Babu kanyamaza. Mimi roho inakataa, ila kila nikigusa naona pamekaza. La kwanza kweli. La pili kweli, nilikuwepo. Sasa kosa liko wapi?

Mama Tandahimba
Pole na mgonjwa, mwanangu. Huyo mjomba hajawahi kukaa Juni mfukoni hamna kitu. Ndiyo kosa lake.

Mwalimu Mstaafu, Lindi
Mama, hilo linamgusa mjomba, haligusi hoja. Hoja ingebaki ileile hata ingetoka kinywani mwa mwizi wa korosho.

Kijana, litafute neno "uovu". Kwenye sentensi ya kwanza halimo, ya pili halimo, ghafla limeibuka kwenye hitimisho. Limeingilia mlango gani? Sentensi zile mbili zinakupa jambo moja tu: babu kavunja sheria. Ili afike kwenye uovu, mjomba anahitaji ya tatu, ambayo kaimeza: kila kinachokatazwa na sheria ni uovu. Mwambie aitoe hadharani, kisha mwipime kwingine. Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba. Julai 1905 watu wa Nandete, hapo Kilwa, wakaing'oa, na Majimaji ikaanzia hapo. Amri ilivunjwa. Je, walikuwa waovu? Shuleni nimewafundisha watoto miaka mingi kuwaita mashujaa. Mjomba achague: awaite waovu, au aiache sentensi yake.

Mskoti David Hume aliligusa hili katika kitabu alichokitoa 1739 na 1740: watu wanaanza na "ni" na "si", mara wametua kwenye "inapasa", na hawasemi walivukaje.

Mpiga Salfa
Mwalimu kamaliza, ila dogo usishangilie mapema. Kuivunja hoja si kulivunja hitimisho. Nikisema Mikindani iko Mtwara kwa sababu ina samaki, hoja yangu mbovu, na Mikindani iko palepale. Babu anaweza kuwa kakosea kwa sababu nyingine kabisa.

Halafu usije ukamjibu "mbona kijiji kizima kinauza". Tundu ni lilelile, umehamia upande wa pili tu.

Kijana wa Kitangari
Mrejesho. Jana jioni nilimpelekea ile ya pamba. Alicheka sana, akasema haya, sentensi naifuta. Nikajiona wakili.

Akajimiminia chai, akaanza upya: "Kuuza mali ya mtu bila kumwuliza ni uovu. Mikorosho kumi na miwili ya ng'ambo ya barabara, marehemu mama alimwachia dada yangu. Baba kaiuza na hiyo, bila kumwuliza. Haya, niambie panapovuja."

Wakuu, hilo la mikorosho nililijua. Huku sikuliandika kwa sababu sikuona kama linahusu. Na safari hii neno "uovu" limekaa kwenye sentensi ya kwanza kabisa, halikuibuka popote.

Nikasema, mjomba, hela zilikuwa za mgonjwa, mtoto wa dada yako huyohuyo. Unataka kuniambia hata hapo "kuuza bila kumwuliza" ni uovu?

Akasema, "Hapo umeuliza vizuri. Ila dada alikuwa wodini na simu yake mkononi. Kumpigia kungechelewesha nini?"

Mama alikuwa pale pale jikoni anachambua kisamvu. Tulimgeukia wote wawili. Hakuinua kichwa.