Zamani Marekani seneta akifa au akijiuzulu, nani alikuwa anajaza kiti?

mzee_wa_kijiwe: Wakuu habari za jioni. Nimesikia zamani kule seneta hakuwa anachaguliwa na wananchi, ni bunge la jimbo ndo lilikuwa linachagua. Sasa kiti kikibaki wazi na bunge limefunga, ilikuwaje?

Ngosha77: Ni kweli mkuu, ilikuwa hivyo mpaka 1913. Bunge likiwa likizo gavana anateua mtu wa kushikilia tu, likikutana linachagua lenyewe. Kuna sheria ya 1866 ilisema kila moja ya nyumba mbili za bunge la jimbo ipige kura kivyake, wasipoelewana kesho yake saa sita mchana wanakaa wote pamoja, na hapo ni kura angalau moja kila siku mpaka mtu apatikane.

binti_sheria: Na asipopatikana je 😂 Delaware 1895 walipiga kura mara 217 wakatoka kapa, kisa tajiri mmoja wa gesi anaitwa Addicks alikuwa anakitaka kile kiti kwa udi na uvumba. Kati ya 1901 na 1903 jimbo zima halikuwa na seneta hata mmoja.

mzee_wa_kijiwe: Duh. Si gavana angeteua tu yaishe?

binti_sheria: Thubutu. Pennsylvania 1899 bunge liligawanyika, gavana akamteua mwanasiasa mmoja anaitwa Quay, Seneti ikamgomea 1900 kwa kura 33 kwa 32, hoja ikiwa bunge lilikaa likashindwa lenyewe so gavana hana cha kujaza.

Ngosha77: Kiboko ni Montana bana. Clark, tajiri wa shaba, alichaguliwa 1899 huku mbunge mmoja kashaanika bungeni bahasha za hongo, dola 30,000 taslimu. Mambo yalipombana Seneti, Mei 1900 akajiuzulu, kumbe watu wake walishamtoa gavana nje ya jimbo kwa ujanja, naibu aliyebaki akamteua Clark huyohuyo kwenye kiti alichokiacha siku hiyohiyo!! Gavana aliporudi akafuta akateua mwingine, mwisho wa siku kiti kikakaa wazi, na 1901 bunge likamchagua Clark tena. Vituko kama hivyo ndo vilichangia marekebisho ya 17 ya katiba, ya huo mwaka 1913, yaliyowapa wananchi kura ya kumchagua seneta.

mzee_wa_kijiwe: Kwa hiyo mabunge ya majimbo yakapokonywa kabisa?

binti_sheria: Sio kabisa. Kiti kikiwa wazi sasa ni uchaguzi, ila bunge la jimbo ndo linaamua kama gavana aruhusiwe kuteua mtu wa muda. Mengi yameruhusu, Wisconsin na Oregon wamekataa, huko unasubiri kura tu.