Mtu mzima unarusha h-indeksi ya mwenzako kwenye projekta mbele ya wanafunzi?

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Nimetoka semina sasa hivi, hata chai sijanywa, na mandazi yalikuwa ya bure.

Jina sitaji, haina haja. Yule yule. Wa koti la kaki na kalamu 4 mfukoni zisizoandika hata moja. Mshamjua.

Nilikuwa naeleza kazi yangu ya tegu ubongoni. Mtu anameza mayai ya tegu wa nguruwe, mabuu yanasafiri mpaka kwenye ubongo yanaweka makazi, siku moja anaanguka kifafa, majirani wanasema karogwa. Miaka 4 nazunguka vijijini, pikipiki imeniangusha mara 2, nguruwe kaniuma mara 1. Slaidi ya 6 bwana mkubwa kanyoosha mkono. Nikajua swali. Kumbe anataka waya wa projekta! Kachomeka laptopu yake, kafungua ukurasa wangu wa Google Scholar, ule mtandao unaohesabu pepa zako za utafiti zimenukuliwa mara ngapi, kaikuza ile namba ya h-indeksi mpaka ikajaa ukuta.

3.

Kubwa kama mlango wa choo. Halafu kwa upole kabisa: "Hii ni h-indeksi au namba ya kiatu cha mtoto?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpaka mhudumu wa chai, na yeye h-indeksi haijui hata kwa sura.

Kwa wasioijua: 3 maana yake nina pepa 3 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 3. Kaileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, akiwapima wanafizikia wenzake, sio watu wanaokimbizana na nguruwe. Wanaosoma kazi yangu ni madaktari wa vijijini. Wao wanatibu, hawaandiki pepa za kuninukuu!

Yeye ana 31. Wanafunzi wanaandika, jina lake linakaa mwisho, mchango wake ni kuwasha AC. Anavyojinukuu mwenyewe, nadhani hata akiagiza chipsi mayai anaweka rejea. Lakini angenisema ofisini basi. KAIKUZA, wakuu. Kwa mausi, taratibu, huku ananiangalia.

Ngosha Mpole: Pole sana mkuu. Ila... tatu kweli? Mimi nina 5 na nafundisha mambo ya mpunga.

Fundi Ubongo: Msimcheke. Kuna pepa ya Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2006, imenukuliwa zaidi ya mara 2,000, ikaja kufutwa 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa. Hao wote walionukuu walikuwa wananukuu nini?

Mleta uzi: Asante Fundi! Kamwambie huyo na kiatu chake.

Kisusio: Fundi, tegu wake hana hata picha ya kuchezea. Mkuu, andika pepa acha kuandika nyuzi. Huu uzi ukinukuliwa hapa mara 3 unakuongezea?

Mama Sura ya Pili: Wewe umechekwa dakika 5 unalia. Sura yangu ya 2 ya tasnifu iko kwa supavaiza tangu nina mimba. Mtoto ameanza chekechea. Juzi kanijibu: "Nitumie tena, sikuiona."

Ngosha Mpole: Mama, wa kwako anajibu? Wangu alihamia wizarani na flashi yangu.

Pangu Pakavu: Mnaongelea kunukuliwa, kuchapisha kwenyewe mnaweza? Nature walipoanza kuruhusu makala zao zisomwe bure, mwandishi aliambiwa alipe yuro 9,500. Hiyo si ada, ni kiwanja.

Kisusio: Kiwanja wapi? Labda cha mabondeni.

Pangu Pakavu: Kina hati.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Ukuta mzima! Tatu!

Mama Sura ya Pili: Ngosha, na flashi? Hukuwa na kopi?

Ngosha Mpole: Kopi ilikuwa kwenye laptopu. Laptopu iliibiwa kwenye daladala.

Kisusio: Poleni wote. Mleta uzi, yale mandazi yaliisha?

Mleta uzi: Yamebaki 4 ila yamepoa.

Kisusio: Ukumbi gani? Niko karibu.