Mtunza bustani wa kudumu: tupatane naye vipi?

Mama Zaituni, Entebbe
Ndugu zangu, salaam. Nyumba tuliyohamia ina kiwanja kikubwa: mbele kuna nyasi za paspalamu, nyuma kuna migomba, na pembeni ua wa miti ambao mvua zikishaanza haukamatiki. Kila mara huitwa kijana apitaye na fyekeo begani, tunapatana bei langoni, anafyeka mpaka udongo unaonekana, kisha anaondoka, na magugu ndiyo yanayotangulia kuota. Sasa nataka mtu mmoja wa kudumu. Je, alipwe kwa siku au kwa mwezi, na vifaa viwe vya nani?

Baba Salim, Kira
Dada yangu, ningekushauri umlipe kwa mwezi, kiasi kilekile mwaka mzima. Huku kwetu mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba, na katika miezi hiyo nyasi hudai kukatwa kila wiki, ilhali Januari unaweza kukaa wiki tatu bila kuzigusa. Ukimlipa kwa siku, wakati wa kiangazi atakosa riziki na kwenda kutafuta kibarua kwingine, na mvua zitakaporudi utaanza upya na mgeni asiyejua bomba lilipopita. Muhimu ni kupatana tangu mwanzo kwamba kiangazi ni msimu wa kazi nyingine: kupogolea miti, kuzibua mifereji, kugeuza mboji na kutandaza majani makavu kwenye migomba.

Mkulima wa Kajjansi
Shikamoo Mama Zaituni. Mimi kazi yangu ndiyo hii, kwa hiyo naomba niseme upande wetu. Vifaa vinunuliwe na mwenye nyumba na vibaki kwake, pamoja na buti, glavu na tupa ya kunolea, kwa sababu fyekeo butu hurarua jani badala ya kulikata, na baada ya siku mbili ncha zote huwa kahawia. Paspalamu iachwe na urefu wa vidole vitatu hivi. Ikikwanguliwa, jua hufika kwenye udongo na mbegu za magugu huamka. Ua nao ukatwe juu uwe mwembamba kuliko chini, la sivyo matawi ya chini hukosa mwanga na kubaki vijiti vitupu. Ukiwa na mtu anayeyajua haya, usimpe pia kazi ya kufua, kuosha gari na kulinda lango kwa malipo yaleyale. Wengi wetu huacha kazi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya mshahara mdogo.

Bi Mwanaidi, Jinja
Naunga mkono aliyotangulia kuyasema kaka wa Kajjansi, nami naongeza suala la maandishi. Kwa kanuni za ajira za hapa Uganda za mwaka 2011, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi minne anastahili mkataba wa maandishi, na tangu sheria ya NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri hasamehewi michango kwa kuwa ana wafanyakazi wachache: asilimia 10 hutoka kwako na 5 kwenye mshahara wake. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa hiyo hakikusaidii kupanga malipo. Waulize majirani wanalipa kiasi gani, kisha usiwe wa chini yao. Kabla hajaanza, tazama kitambulisho chake cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, wa anakoishi, na umlipe kwa simu ili kumbukumbu ibaki kwenu nyote wawili.

Mama Zaituni, Entebbe
Marahaba mwanangu, nanyi nyote ahsanteni. Nitamchukua kwa mwezi, na tupa nitainunua kwanza.